Farasi wa Vikuku vya Asgari

Ukitaka Dafadar Mehrab Khan anyamaze, ilibidi umzike. Tangu astaafu na cheo chake hicho cha sajenti wa askari wapanda farasi, alishinda barazani pake kijijini Bhaini, wilaya ya Rohtak, huko India, kilemba kimesimama kichwani kama upanga wa jogoo, akivuta buruma na kusimulia historia ya Kikosi cha Farasi cha Tarlton. Historia yenyewe ni ile ile: babu yake aliingia kikosini na farasi wake mwenyewe, baba yake akaingia na farasi wake mwenyewe, na yeye vilevile. Ndiyo iliyokuwa desturi. Mwingereza alitoa bunduki na amri. Farasi, tandiko na nguo mtu alikuja navyo kutoka kwao. Basi ukoo uliopata nafasi ukairithisha kwa wana, na hapo tena hawasemeki.

"Sisi hatukupanda farasi wa kuazima," alipenda kusema, huku akimtupia jicho jirani yake Umrao, aliyetumikia kikosi hicho hicho juu ya farasi wa mtu mwingine.

"Sawa, Dafadar," Umrao alimjibu siku moja, "lakini hao farasi wenu walikwenda wapi? Mbona vita hatuvisikii?"

"Wewe utajua nini, bwana!"

Kujua alijua. Mehrab kazi yake yote ilikuwa kufukuza wezi wa mbuzi huko mpakani, na hao wezi nao walimtoroka.

Mkewe, Asgari, aliyasikia majigambo hayo kutoka uani, akikanda unga. Yeye kikosi alikijua kwa njia nyingine. Mwanawe wa kwanza, Liaqat, alipelekwa nacho Ufaransa kwenye vita vikuu. Waliambiwa wangoje jeshi la miguu litoboe njia katika safu za Wajerumani, wao wapite mbio na mikuki yao. Wakangoja. Miaka ikapita wanasugua farasi, wanalisha farasi, wanawafunika farasi mablanketi na wao wenyewe wanatetemeka kwenye matope. Njia haikutobolewa. Liaqat akashikwa na kifua, akafa, wala mkuki wake haujamgusa mtu. Barazani, baba mtu akasema mwanawe amekufa vitani kama simba. Simba gani, anakufa kwa kikohozi huku ameshika ndoo?

Kwa hiyo vita vilipokwisha, na Mehrab akatangaza kwamba nafasi ya ukoo sasa ni ya mwana wa pili, Mansab, Asgari alimwita uani. Alikuwa amebakiwa na huyo tu.

"Baba Liaqat, kwani hujashiba?" alimwuliza. "Muache huyu alime."

"Alime? Ukoo wetu nani alilima?"

"Na ngano unayokula inaota kwenye kilemba chako?"

Mehrab aliinuka. Alikwenda kwenye sanduku la mkewe, akatoa vikuku vya fedha alivyokuja navyo kutoka kwao alipoolewa, vya mikono na vya miguu, akaenda navyo mnadani Hissar. Alirudi na farasi jike mwekundu, mrefu, mzuri mpaka unaona haya kumtazama. Umrao alipomwona akashika kichwa.

"Dafadar, hukusikia? Serikali siku hizi inatoa farasi wake. Desturi ile imefutwa."

"Kwa vikosi vya wahuni labda. Kikosi cha Tarlton hakiwezi kujishusha hivyo."

Hapo ndipo maarifa yake yalipoishia. Siku ya kuandikisha askari wakaenda Rohtak, Mehrab amejaza medali kifuani, Mansab amemshika farasi, na Asgari ndani ya gari la ng'ombe lililofunikwa pazia, kama iwapasavyo wanawake wa kabila lao, Warajputi wa Kiislamu. Alikuwa amesema lazima amuage mwanawe. Gari likasimamishwa karibu na hema la Kanali, akawa anasikia kila neno.

Kanali alikuwa mgeni, kijana, hata hajawahi kumwona Mehrab. Alimpita mzee na medali zake, akampita Mansab, akaenda kumfunua farasi midomo.

"Wa nani huyu?"

"Wa mwanangu, Huzuri. Amekuja naye, kama desturi yetu."

Kanali akacheka. "Mzee, desturi hiyo imekufa. Tena kikosi kimeunganishwa na kingine, na watu wa kabila lenu hatuwachukui tena."

"Lakini Huzuri, babu yangu..."

"Ndiyo, ndiyo." Alikuwa ameishika hatamu, anampapasa farasi shingo. "Lakini huyu amenipendeza. Atanifaa kwa mchezo wa polo. Nitamnunua."

Sasa msikilizeni mtu mzima huyu. "Kununua kwa nini, Huzuri? Mchukue. Ni zawadi ya ukoo wetu kwa kikosi."

"Vizuri sana! Basi na kijana abaki naye. Atakuwa mchunga farasi wangu."

Mchunga farasi! Kukata majani, kuzoa mavi, kulala zizini. Kazi hiyo mtu wa Bhaini hamtakii hata mtoto wa adui yake. Mansab aligeuka kumtazama baba yake. Watu waliokuja kuandikishwa wakasogea karibu. Na Mehrab Khan, mwana wa wapanda farasi, akasema, "Kama Huzuri anavyotaka. Mradi awe kikosini."

Pazia la gari likafunguka. Asgari akashuka uso wazi, mbele ya wanaume wote wale.

"Mama Liaqat! Jifunike! Unaniaibisha!"

"Mimi? Wewe umemtia mwanao zizini mwa mtu asiyekujua hata jina, halafu mimi ndiye ninayekuaibisha?" Akamgeukia Kanali. "Bwana mkubwa, huyu mzee ametoa zawadi kisicho chake. Farasi huyo ni vikuku vyangu. Mwanangu nimemzaa mimi. Mmoja mlikwishanichukulia, mkamrudisha kwa maneno matupu. Huyu simtoi."

"Huzuri, msamehe," Mehrab alidakia, "wanawake hawana akili..."

"Mansab, chukua farasi. Twende, mwanangu, ng'ombe hawajanywa maji."

Mansab alimtazama baba yake mara moja tu, kisha akaichukua hatamu kutoka mkononi mwa Kanali, taratibu, akamfuata mama yake. Kanali aliinua mabega na kurudi hemani. Mehrab akabaki pale uwanjani peke yake, medali kifuani, mkono kwenye kilemba, akilipigia saluti pazia la hema.