Rubani Aliyesubiriwa kwa Chai

Nimeishi Maskati, Manama na sasa Doha, na kila ninapohama huwakumbuka watu wa chumbani kuliko mji wenyewe. Chumba chetu cha Al Wakrah, nje kidogo ya Doha, kina desturi yake. Ijumaa, wanaoswali wakirudi msikitini, tunakula wali, kisha tunawasha filamu ukutani. Dereva kutoka Unguja anaitafsiri papo hapo kwa sauti kubwa, kama watafsiri wa mabanda ya video tulikokulia.

Ijumaa moja Mkenya fundi wa kompyuta alichagua filamu ya zamani kwa sababu ya picha ya mbele: mwanamume na mwanamke wamekumbatiana. Tukadhani ya mapenzi. Kumbe ni ya mwanamke wa mwanzo mwanzo kurusha ndege peke yake kuvuka bahari.

Nikamtazama Mjomba. Ndivyo tulivyomwita mwenzetu wa Tanga, anayefanya kazi ya ulinzi. Ndege iliyomleta ilitikisika sana angani, na tangu hapo kila likizo alipata sababu ya kubaki. Sasa bintiye alikuwa anaolewa wiki iliyofuata. Tiketi alikuwa nayo, lakini asubuhi alikuwa amenong'ona kwamba huenda akampa mdogo wake uwakala kwa simu, amwozeshee.

Mwanamke akapaa. Mkenya akapiga makofi. "Huyu mama ni noma! Mimi hata lifti ya maghorofa ya The Pearl hunitoa jasho."

"Redio inakwaruza, na bado anakwenda," nikasema. "Ukaidi huo."

"Ushujaa, bro. Wacha wivu."

Mjomba hakuondoa macho ukutani, sahani imepoa magotini. Ndege ikaingia kwenye wingu, haikutoka. Ufukweni watu wakasimama wakitazama juu, wanawake wameziba midomo.

Dereva hakusita. "Hapa ameshatua upande wa pili, kwa wakwe. Hawa wanamngojea arudi, chai imeshachemka, wanalia kwa furaha."

Taa ikawashwa.

"Ami," Mjomba akamwambia dereva, "mtu halii vile kwa sababu ya chai."

Tukacheka hadi Mkenya akamwaga soda. Mjomba naye akacheka, kisha akafuta macho kwa kanga aliyoinunulia harusi. "Yule mama alikuwa peke yake, hana wa kumsemesha. Mimi ningekuwa na hata wewe mwongo pale juu, ningekwenda."

Dereva akachukua simu yake, akatoka kibarazani. Tulimsikia akirekodi kwa ile sauti yake ya filamu: "Sasa jamaa anafunga mkanda. Injini inanguruma, hiyo ni kawaida yake, mama yangu naye hukoroma hivyo. Inatikisika kidogo, jamaa anamfikiria bintiye…"

Tulimpeleka uwanjani sote. Mjomba alipita ukaguzi akisikiliza rekodi ya dereva, spika moja sikioni, nyingine inaning'inia kifuani, akatupungia kwa mkono wenye pasi ya kusafiria.

Ijumaa iliyofuata hatukutazama filamu. Ujumbe wa sauti wa Mjomba uliingia tukiwa tunakula. Kwanza vigelegele, kisha sauti yake: "Nimemwozesha mwenyewe. Na mwambieni yule mwongo, chai ilikuwepo kweli."