Ofisi ya Mwalimu Sumari

Aminieli Sumari alikuwa mwalimu mbaya tangu mwanzo. Nasema hivyo kwa sababu madarasa tuliyofundisha, yeye na mimi, yalitenganishwa na ukuta mmoja tu, pale kwenye shule ya misheni juu ya Ngaramtoni. Watoto walimchosha. Mtoto akikosea jibu, yeye alitazama dirishani kama mtu anayesubiri basi. Lakini Kiingereza chake kilinyooka, na Mzungu akicheka, alijua kucheka kwa kiasi kilekile. Basi Waingereza walipotafuta Mwafrika mwenye stashahada ya Makerere wa kumpeleka kwao, akasomee uongozi wa shule katika chuo kikuu mwaka mzima, walimchagua yeye. Tulimchinjia mbuzi. Mchungaji akamwombea.

Alirudi mwaka 1956. Watoto walijipanga barabarani wakamwamkia, "Shikamoo, Mwalimu!" Hakuitikia marahaba. Aliinamisha kichwa kidogo, akapita. Mama yake, bibi Eunike, alikuwa ametoka Umeruni kwa miguu na kibuyu cha loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando. Mwanawe alimwuliza mbele yetu sote kama maziwa yale yalichemshwa. Bibi wa watu akakifunika kibuyu.

Wiki hiyohiyo akapewa ualimu mkuu. Alituita kikaoni, akachora ubaoni miduara na mishale, jina lake likiwa juu kabisa.

"Kiongozi hafundishi," alisema. "Kiongozi anawaongoza wanaofundisha."

Bariki, mwalimu wa darasa la tatu, akanyoosha mkono. "Na hesabu za darasa la sita, ulizokuwa ukifundisha wewe, atafundisha nani?"

"Hilo ni suala la utekelezaji," alijibu Sumari, akaendelea kuchora.

Hesabu nikabebeshwa mimi.

Kisha akataka ofisi. Darasa la tatu ndilo pekee lililokuwa na sakafu ya saruji, kwa hiyo alilichukua. Akaweka meza, zulia, na viti vya wageni ambao hawakuja. Watoto walihamishiwa nyuma, kwenye banda la zamani la kukobolea kahawa, lenye kuta za matofali ya udongo. Bariki alimweleza mapema kwamba ukuta mmoja umeanza kuinama.

"Lilete kikaoni," alisema Sumari.

"Kikao lini, Mwalimu Mkuu?"

"Nitakapotangaza."

Hakutangaza. Masika yakaja, mvua ikanyesha usiku na mchana. Asubuhi moja, Bariki akiwa ubaoni, aliona udongo unamomonyoka, akapiga kelele watoto watoke. Walitoka wote isipokuwa Nashilu, aliyekuwa amekaa pembeni kabisa; ukuta ukamwangukia. Tulimfukua kwa mikono. Mguu wake ulikuwa umevunjika vibaya, mfupa unaonekana. Tukang'oa mlango wa ghala, tukamlaza juu yake, tukateremka naye hadi barabara ya Nairobi, na lori la mahindi likamchukua hadi hospitali mjini Arusha.

Tuliporudi, tumelowa tope na damu, Sumari alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi, kiko mdomoni.

"Nani aliruhusu watoto wakae mle wakati wa mvua?" akauliza.

Bariki akaenda kunawa. Mimi nilitamani kumtemea mate.

Kesho yake akaja Nosim, mama yake Nashilu, na kundi la wanawake wa bomani kwao. Hakubisha hodi. Aliusukuma mlango, akaingia na tope lake hadi kwenye zulia.

"Mama, ofisini watu hupiga hodi," alisema Sumari.

"Mwanangu amelazwa Arusha. Toka kwenye chumba cha watoto."

"Kuna utaratibu, mama. Mimi nimeyasomea mambo haya Uingereza."

"Ulisomea kukaa?"

Wanawake walicheka, kicheko kibaya. Kisha wakaanza kazi. Meza nje. Viti nje. Zulia wakalikunja, wakalitupa kwenye majani yaliyolowa. Watoto wakaingia na viti vyao vidogo, na Bariki akaanza somo palepale alipoachia. Msomi wetu alishuka mlima kwenda Boma, kwenye ofisi za serikali, kutushtaki kwamba tumefanya uasi.

Tulidhani ataachishwa kazi. Afisa Mzungu alikuja na gari, akasikiliza, akaangalia matofali yaliyoanguka, akasema elimu kama ya Bwana Sumari inapotea bure katikati ya watu kama sisi. Wakampandisha cheo: akawa mkaguzi wa shule, na nyumba ya bati mjini. Bariki alipewa onyo. Aliacha ualimu, akarudi kulima kahawa kwao, na darasa lake nikaachiwa mimi.

Nashilu alirudi baada ya miezi kadhaa, mguu mmoja ukiwa mfupi. Alikuwa darasani kwangu Sumari alipokuja kutukagua. Watoto walisimama haraka, kama walivyofundishwa. Nashilu alisimama wa mwisho, ameshika dawati kwa mikono miwili.

"Huyu mbona mzito?" akaniuliza kwa Kiingereza.

"Huyo ni Nashilu."

"Nashilu yupi?"

Nilimtazama usoni nione kama anajifanya. Hakuwa anajifanya. Akapita hadi dawati la pili, akasema watoto wa shule hii wanahitaji kufundishwa adabu.