Siku Aliyoshukuru Baba Pasi

Watu wengi walidhani dobi yule aliitwa Baba Pasi kwa sababu ya kazi yake. Sivyo. Ujanani alicheza mpira, kiungo mwembamba mwenye miguu ya korongo, na sifa yake kubwa ilikuwa kutofunga. Hata kipa akiwa amelala na goli liko wazi, yeye angegeuka kutafuta mwenzake wa kumpa pasi. Walimcheka mpaka jina likamganda. Goti lilipomharibikia akaingia chumba cha udobi cha mjomba wake, akakabidhiwa pasi nyingine, ile ya chuma, na watu wakasema kumbe Mungu naye ana utani.

Chumba hicho kilibanwa kati ya kinyozi na duka la dawa. Kilinuka wanga na mvuke. Meza ya kunyoshea nguo ilivikwa blanketi kuukuu lililoungua pembeni, na nyuma yake, chini ya dirisha, mkewe alishona vifungo vilivyong'oka na kupunguza suruali za watu. Walikuwa na mtoto mmoja tu, binti, waliyempata ukubwani, majirani wakiwa wameshachoka kuwauliza. Mtoto alianza kusema mapema na hakunyamaza tena, wakamwita Chiriku. Alikulia chini ya meza ile, akivipigia vifungo hadithi.

Chiriku alikuwa na akili, ila mitihani haikumpenda. Aliuendea mtihani kama mbuzi anavyoyaendea maji. Wa kumaliza shule aliupasi mara ya pili, na siku hiyo baba mtu alimwambia kila mteja, "Kapasi!" mpaka kinyozi akamsihi akae anywe maji. Alipopata nafasi ya kusomea uuguzi nchi ya mbali, wakahangaikia pasi yake ya kusafiria. Baba Pasi aliishika kwa ncha za vidole, akiogopa kuitia wanga.

"Unaona, mama," alimwambia binti yake, maana alirithi jina la bibi yake mzaa baba, "pasi imezaa pasi."

Huko alipanga chumba kwa bibi mmoja mjane. Kila Jumapili alipiga simu, na simu yenyewe ilikuwa mvua ya maneno: baridi, paka wa bibi, wagonjwa waliomwita sista kabla hajawa sista. Mtihani wa mwisho wa uuguzi nao ulimwangusha mara ya kwanza. Akaurudia, akawaambia wazazi wamwombee kwani majibu yangetoka mwezi ule ule. Jumapili iliyofuata sauti yake ilikuwa imekauka. Alisema ni mafua tu, akaaga mapema. Baba hakulitilia maanani. Mama alibaki ameishika simu.

Siku chache baadaye, asubuhi, Baba Pasi yuko kwenye kola ya shati jeupe, simu ikalia. Ilikuwa namba ya huko, lakini si ya Chiriku. Alikuwa bibi mwenye nyumba. Kiingereza cha Baba Pasi kilikuwa cha kuokoteza, kingine cha mpirani, kingine cha wateja. Bibi alisema polepole, na maneno mengi yalimpita kama upepo. Alilisikia jina la binti yake. Alisikia sori. Kisha likaja neno analolijua, neno lake mwenyewe, lililomlea na kumlisha: "She passed."

Bibi alikuwa analia. Baba Pasi naye machozi yakamtoka. Akawaza, mama huyu anampenda mwanangu kiasi hiki, mpaka anamlilia kwa furaha. Akakusanya Kiingereza chake chote, akamshukuru, akamshukuru tena, akasema Mungu ni mwema. Bibi akamwombea baraka, simu ikakatika.

Habari ilitoka mlangoni kabla yake. Kinyozi alimwacha mteja na nusu ya ndevu, akaja kumkumbatia. Wateja walionyoshewa nguo asubuhi hiyo walinyoshewa bure. Mtu alileta soda, mwingine akaleta kiti, na watu wakaanza kumwita baba wa sista.

Mkewe alicheka na watu, lakini kwa meno tu. Walipopungua akamsogelea mumewe.

"Mbona hakupiga mwenyewe?"

"Atapigaje mtu na furaha yote hiyo?"

"Chiriku?" alisema mkewe. "Chiriku awe na furaha halafu anyamaze?"

Baba Pasi alimwambia asimtafutie neema ya Mungu kasoro. Mama hakubishana. Alipiga namba ya binti yake, ikaita hadi ikachoka. Akapiga tena. Mchana alijifunga mtandio, akaenda hapo jirani kwa dada wa duka la dawa, aliyekisoma Kiingereza vizuri, akamwomba ampigie yule bibi.

Waliporudi walikuwa wameshikana mikono. Baba Pasi alikuwa anaimba. Alipoiona miguu ya mkewe ikitembea kama ya mtu aliye ndani ya maji, aliacha kuimba, akachomoa kwanza waya ukutani, kwa mazoea tu, akaisimamisha pasi wima.

"Baba Chiriku," alisema mkewe. "Mwanetu hatunaye."

Alimtazama kama anayesubiri amalize sentensi.

"Lakini kapasi," alisema. "Nimesikia kwa masikio yangu haya."

Dada wa duka la dawa ndiye aliyejaribu kumweleza. Alisema kwamba kwa wenzetu neno hilo lina kazi nyingi; gari likikupita ni hilo, mtihani ukiuvuka ni hilo, na mtu akifariki, wasipotaka kulitaja kwa jina, ni hilo hilo pia. "Kama sisi tunavyosema fulani katutoka, baba." Hayakuwa mafua. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo, na ilimmaliza ndani ya siku mbili.

Baba Pasi alikaa kwenye kiti kilicholetwa kwa ajili ya sherehe. Hakulia wakati ule. Alisema jambo moja tu, akalirudia mpaka mkewe akamziba mdomo kwa kiganja.

"Nimemwambia asante."

Waliokuja asubuhi kumpongeza walirudi jioni kuhani, wengine hata nguo hawajabadili. Chupa za soda zilikuwa bado sakafuni, kinyozi akawa anaziokota mojamoja na kuzificha nyuma ya mgongo wake. Hakuna aliyejua pa kuweka macho.

Maiti ililetwa, wakamzika. Baba Pasi alirudi kazini kwa sababu nyumbani kulikuwa kimya mno. Majirani walijichunga. Kinyozi, aliyekuwa akilipaza jina lake tangu enzi za mpira, sasa alimwita kaka. Akina mama walisema watoto wao wamefaulu, wamevuka, wameshinda, lolote ila neno lile. Jioni watoto walipocheza uwanjani na kudaiana pasi kwa kelele, mkewe alilifunga dirisha, joto likawaunguza wote wawili.

Lililomla Baba Pasi ni zile shukrani. Aliona ametukana kifo cha mwanawe kwa mdomo wake. Mwishowe akamwomba dada wa duka la dawa ampigie bibi, amweleze kwamba hakuelewa, amwombe radhi. Wakakaa watatu kwenye benchi, simu katikati, ikiwa imefunguliwa sauti.

Bibi aliwahi kusema kabla hawajaanza. Dada alisikiliza, akatafsiri. Bibi alisema alikuwa ameogopa sana kupiga simu ile. Alidhani watamlaumu kwa kuchelewa kuita daktari. Lakini baba alimshukuru. Alisema hajawahi kuona moyo wa namna ile, na kwamba shukrani zile ndizo zinazompa usingizi.

Dada alimtazama Baba Pasi. "Nimwambie?"

Baba Pasi aliiangalia mikono yake, yenye makovu ya moto hadi kwenye viwiko.

"Usimwambie," alisema. "Muulize tu, mwanangu alisema nini mwishoni?"

Jibu lilikuwa refu. Bibi alisema homa ilipopanda Chiriku alisahau Kiingereza chote. Alizungumza usiku kucha kwa lugha ya kwao, bila kupumzika, kama mtu mwenye wageni. Bibi hakuambulia hata neno. Alimshika mkono tu, akawa anamwitikia ndiyo, ndiyo.

Mama ndiye aliyelia, kilio kilichokuwa kimemkwama tangu siku ya kwanza, na mumewe akamshika mabega.

"Basi alisema," alimwambia. "Alisema hadi mwisho, na alipata wa kumwitikia."

Majibu ya mtihani yalitoka baadaye. Mama alimtuma dada ayaulizie, akaambiwa wakiwa wawili tu nyuma ya kabati la dawa. Hakumwambia mumewe, naye, ingawa alijua kwamba mkewe anajua, hakuuliza.