Alama za Vidole Usoni mwa Yaya Clarisse

Nyumba yetu ya mtaa wa Kapata ilianza kuvunjika Jumapili ya Matawi, saa nne asubuhi. Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa sikulijua hilo. Nilijua tu kwamba dada yangu mkubwa, Yaya Clarisse, amechaguliwa kutangulia maandamano ya matawi, na alitaka uso wake ung'ae.

Nkambo, mama yake Baba, alikuwa akilowesha maganda ya ndimu ndani ya mafuta ya karanga. Alijipaka jioni, mikononi na visiginoni, na asubuhi alinawa kwa sabuni kabla ya kwenda shambani. Ngozi yake ilikuwa laini, na alinukia vizuri. Clarisse hakuwa na subira hiyo. Aliyakunja maganda mabichi mpaka mafuta yakaruka, akajipaka usoni na shingoni.

"Mutoto, nawa," Nkambo alimwambia. "Ile ni ya magaribi. Ukitoka nayo, jua itakutia alama."

"Nkambo, uko na wivu tu! Weye ngozi ilisha kukunjana."

"Ilikunjana, ndiyo. Lakini haikuungua."

Tulicheka wote. Clarisse akatoka bila kunawa, akatembea juani mpaka adhuhuri.

Jumanne uso ulitoka malengelenge. Alhamisi Kuu yakaacha michirizi myeusi, pale mafuta yalipotiririka kutoka mashavuni hadi shingoni. Wazazi hawakumpeleka zahanati. Walimwita kiongozi wa kikundi cha maombi.

"Hivi ni vidole vya mulozi," alisema. Kisha akanigeukia. "Weye kadogo, ulisikia nini mu nyumba?"

Nilifurahi kuulizwa na mtu mzima, mmoja wa wale tuliowaita Tata kama tulivyomwita Baba. "Nkambo alisema jua itamutia alama."

"Alisema mbele, kabla alama itoke?"

"Ndiyo, Tata."

"Basi alijua namna gani?"

Baba alitazama sakafu. Nkambo ndiye aliyejibu, polepole: "Nilijua sababu miye pia nilikuwa binti."

Hakuna aliyemsikiliza. Ijumaa Kuu, wakati wengine wanaubusu msalaba, Baba alimpandisha mama yake kwenye pikipiki ya taxi-moto pamoja na furushi lake, akampeleka mtaa wa Kasulo kwa ndugu wa mbali. Mvua ziliporudi, uso wa Clarisse ulikuwa safi. Baba alisema maombi yamefanya kazi. Hakwenda kumrudisha.

Mwaka jana binti yangu alikamua ndimu juani, mikono yake ikatoka michirizi ileile. Nilimpeleka zahanati ya masista, mtaa wa Manika.

"Ni mafuta ya maganda na jua, mama," sista aliniambia, wala hakushangaa. "Kila mwaka ninaona. Yananukia vizuri, yanapendeza, lakini yakikutana na jua yanachoma kama maji ya moto. Kwa uso, bora kuacha kabisa. Kuna ngozi inawasha hata bila jua. Na alama itaisha yenyewe."

Itaisha yenyewe! Nilikaa kwenye benchi, hasira ikinipanda. Zahanati hiyo ilikuwepo hata zamani zile. Mzee mmoja alisema kweli, na kweli ile ilipotimia ikafanywa ushahidi dhidi yake. Nasali kila siku, na hasira hii haijaondoka. Sioni aibu kuiandika. Namkasirikia kiongozi yule, namkasirikia Baba, nakikasirikia kitoto kile kilichojibu "Ndiyo, Tata."

Nilimweleza Baba maneno ya sista. Alisema, "Bya zamani, tubiache," yaani yaliyopita yamepita.

Nkambo alifariki mwezi uliopita, akiwa bado Kasulo. Kwenye mazishi Baba alisimama mbali na jeneza, mikono nyuma, kama mtu anayeogopa kuambukizwa. Nilimwita mbele ya watu wote: "Tata, karibia. Ni mama yako."

Hakusogea.

Bwana, mpokee Nkambo Marthe. Mkalishe karibu nawe, mahali ambapo neno lake litaaminiwa. Umhurumie Baba, maana mimi bado siwezi. Unisamehe mdomo wangu wa utotoni. Na Nkambo, baada ya uchovu wote huu, apumzike. Amina.