Neno Nililoliandika Mbele ya Jina la Maman Zaina

Siku ya kwanza ya kazi nilifika ofisini kabla ya mlinzi mwenye ufunguo, nikasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kudai. Ofisi ilikuwa vyumba viwili tu, katikati ya Kisangani, na humo wauguzi na wakunga wa mkoa mzima waliandikisha vibali vyao vya kazi. Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa mama mmoja mnene, mwepesi wa maneno, tuliyemwita Madame Secrétaire. Alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwa.

"Papa Alphonse, unajua kuandika?"

Nikasema najua.

"Bon. Kuandika iko mbili. Kuna kuandika barua ya muchumba, na kuna kuandika jina ya mutu mahali haitatoka. Ile ya kwanza batu bote banajua."

Wote wakacheka. Nami nilicheka, ingawa sikuelewa.

Niseme mapema kwamba sikusoma sana. Niliishia mwaka wa pili wa sekondari, na kazi hii niliipata kwa sababu ya mwandiko wangu mzuri, si kwa akili. Ninayoandika hapa nayatoa katika daftari zangu za zamani. Daftari zenyewe niliziandika mimi, kwa hiyo haziwezi kujua zaidi yangu. Aliyekuwepo anisahihishe.

Ninyi mnaofanya kazi hii leo mbele ya kompyuta, mjue kwamba sisi tulikuwa na kitabu kimoja kikubwa chenye jalada gumu. Tulikiita tableau. Ndiyo orodha ya wote wenye haki ya kumgusa mgonjwa. Jina likiwa humo, unaruhusiwa kuchoma sindano na kuzalisha. Lisipokuwa humo, wewe ni jirani tu. Na jina halikukaa humo bure. Kila muda uliowekwa ukifika, mwenye jina alipaswa kuleta faili ili kibali chake kihuishwe: diploma, karatasi ya mahakama kwamba hajahukumiwa, karatasi ya daktari kwamba mwili wake bado una nguvu, na ushahidi kwamba tangu mara iliyopita amejifunza kitu kipya. Mimi nilihakikisha kila karatasi iko, nikapeleka faili ndani ikasainiwe, nikaandika katika tableau.

Kazi ndogo, mtu atasema. Nami nilidhani hivyo, mpaka alipokuja muuguzi mmoja kutoka kituo cha ndani sana msituni. Alisafiri siku nyingi kwa baiskeli, mvua ikimnyeshea. Maji yalikuwa yanamchuruzika mpaka kwenye saruji yetu. Akafungua furushi la majani, yale tunayofungia chikwange, mkate wetu wa muhogo, akatoa diploma yake. Haikuwa na tone hata moja. Niliishika kwa vidole viwili, kwa woga. Mtu huyu alijiacha alowe ili karatasi ibaki kavu. Nikajiuliza, sisi wenye muhuri tuna nini hasa mkononi?

Sasa nieleze maneno mawili, kwa maana mambo yote yametoka humo. Aliyechelewa kuhuisha tulimwandika "omis", yaani amerukwa. Jina lake linapumzika tu, na akileta karatasi zake linarudi. Aliyetenda kosa kubwa, akahukumiwa na baraza la nidhamu, tulimwandika "radié", yaani ameondolewa. Huyo kurudi kwake ni mlima, na hata akirudi anarudi kama mtu aliyesamehewa. Kwa Kifaransa maneno hayo hayakaribiani hata kidogo. Lakini sisi ofisini tulizungumza Kiswahili chetu, na kwa Kiswahili chetu yote mawili tulisema neno moja tu: kufuta.

Mkubwa wangu wa pili alikuwa Monsieur le Président, muuguzi mzee, mpole, asiyependa kurudia neno. Asubuhi moja alisimama kwenye mlango wangu na majina mawili. La kwanza lilikuwa la mwanamume ambaye baraza lilikuwa limemhukumu wiki ileile. La pili lilikuwa la mkunga wa Lubunga, ng'ambo ya mto, ambaye hakuwa amekuja kuhuisha.

"Papa Alphonse, hawa wawili, futa."

"Wote wawili, Président?"

"Sasa nimesema nini?"

Nikafuta. Kwa mwanamume niliandika radié, na ilikuwa haki. Mstari wa chini, mbele ya jina la yule mkunga, Zaina, niliandika radiée, neno lilelile kwa mwanamke. Nikatayarisha barua mbili, Président akazisaini pamoja na nyingine nyingi, zikaenda. Sitaki kumtupia yeye. Alisema kama sisi sote tulivyosema, na labda aliamini kwamba karani wake anajua tofauti. Kweli niliijua. Siku ile sikuikumbuka, na sina sababu nyingine ya kuwapa.

Miaka ikapita, Président akastaafu. Nafasi yake ikachukuliwa na Madame la Présidente, mama mkavu mwenye macho yanayosoma mpaka nyuma ya karatasi. Aliniweka pia kwenye tume ya kurudisha majina, niwe mwandishi wake. Niliona ni heshima kubwa, na ilikuwa heshima.

Huko ndiko alikonikuta Maman Zaina. Alivuka mto kwa mtumbwi, akapanda toleka, baiskeli ya kubeba abiria, mpaka kwetu, akaketi mbele yangu akiwa amejifunga kitambaa cha kichwa vizuri kama mtu aendaye harusini. Akaweka barua mezani. Ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi hata imekuwa laini kama nguo.

"Papa, siko nakuja kuomba munirudishe. Niko nakuja kuuliza kitu moja tu."

"Uliza, maman."

"Kosa yangu ilikuwa nini?"

Nikaikunjua barua. Akaendelea, taratibu, kama anayeeleza dalili za mgonjwa.

"Ile wakati mama yangu alikuwa mugonjwa kule Maniema, nikaenda kumuchunga, nikachelewa kuhuisha. Ile najua. Lakini mutu hawezi kuandikiwa radiée juu ya kuchelewa. Donc nikajua kuna mama moja nilimufanyia mubaya, na munamujua, na miye simujui. Nikaanza kuwafikiria bote nilizalisha. Nikaenda ku nyumba zao, moja moja. Kuna mutoto moja anachechemea. Nikasema, bon, iko ule."

"Na hukuja kuuliza miaka yote hii?"

"Niliogopa jibu, papa."

Nikamuuliza kama kule Lubunga aliendelea kuzalisha, maana nani angemwona? Akanitazama kama nimemtukana.

"Si mulisema hapana? Walikuwa wananigongea mulango. Nilikuwa nawashika mukono, nawapeleka mpaka ku mutumbwi, navuka nao mpaka maternité, ku hospitali. Pale ku mulango naachia wengine. Mara moja mutoto alitaka kuzaliwa palepale ndani ya mutumbwi. Nilimuambia mama yake, vumilia, vumilia, huku naomba Mungu mwenye kuvuta kasia asichoke."

Niliinuka nikaenda kuchukua tableau. Nilifungua ukurasa, nikaona mwandiko wangu mzuri. Nikatafuta faili yake: hakuna mashtaka, hakuna hukumu, hakuna mama aliyelalamika. Palikuwa na kuchelewa tu. Nimeona watu wengi wakiogopa serikali, wakiogopa askari. Sikuwa nimeona bado mtu aliyetii neno moja kiasi hicho, na neno lenyewe nililitoa mimi, ambaye shule ilinishinda.

Nilimwomba arudi siku ya kikao cha tume, bila kumwambia nilichokiona, nikamfuata Madame Secrétaire, nikamwonyesha ukurasa na faili. Alisoma, akashika mdomo.

"Papa Alphonse, weye na pansheni yako iko karibu hivi! Andika ombi ya kawaida, arudishwe, mambo inaisha. Nani atauliza?"

Alisema hivyo kwa kunipenda, lazima niliandike. Na jina kweli lingerudi. Lakini lingerudi kama la mtu aliyesamehewa, na yeye angevuka kurudi Lubunga akiendelea kumtafuta yule mama aliyemkosea. Nilijua hivyo, na bado kwa siku tatu nilikuwa naandika ombi la kawaida, nachana, naandika tena.

Siku ya kikao nilisoma faili mbele ya tume. Nilipofika mwisho nilisema kwamba neno radiée halikutoka kwa baraza, lilitoka kwangu. Madame Secrétaire alikuwa anaangalia dari.

Madame la Présidente akavua miwani. "Papa, unajua unasema nini?"

"Najua, Présidente."

"Basi usituambie sisi. Mugeukie."

Nikamgeukia, pale alipoketi nyuma yangu. "Maman Zaina, hakuna kosa. Hakuna mama hata moja. Niliandika ku jina yako neno ya mutu mwengine."

Alirekebisha kitambaa chake cha kichwa. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na ule mutoto anachechemea?"

"Haiko ku faili, maman. Hakuna mutu aliandika juu yake."

Akavuta pumzi, akaishusha, na mabega yakashuka nayo. "Alors papa, siku ile walifundisha hii neno ku masomo, weye ulikuwa wapi? Ulienda kuvua samaki?" Hata Présidente alicheka. Mimi nililia, sioni sababu ya kuficha.

Hakurudishwa siku ileile, na tume haikukosea. Mtu aliyekaa bila kuzalisha lazima kwanza afanye kazi chini ya macho ya mwingine. Walimpeleka kwenye maternité ya wilaya ya Tshopo kwa miezi iliyowekwa. Mimi ndiye niliyepeleka fomu ya mkunga mkuu kumtathmini. Siku ya kuichukua nilisubiri kwenye veranda, nikasikia mtoto analia mara ya kwanza, halafu sauti ya Maman Zaina ikimtania: "Ee, unakasirikia nani sasa?" Mkunga mkuu alijaza nafasi zote za fomu, na mahali pa maoni akaandika: "Ni sisi tuliojifunza." Nami niliandikiwa barua ya onyo, ikawekwa katika faili yangu. Niliinakili mwenyewe, maana karani alikuwa mimi. Ilikuwa barua ya haki.

Siku hizi niko nyumbani. Vijana wa ofisi hunipigia simu kuuliza jina fulani la zamani liko ukurasa gani. Huwa nawajibu, na huwa nawaambia mkubwa akisema futa, wamuulize ni kufuta gani, hata akikasirika. Sijui kama ni hekima. Nadhani ni woga tu uliozeeka.

Katika wiki yangu ya mwisho kazini, Maman Zaina alikuja kuhuisha kibali. Alipanga foleni kama wote, akinung'unikia joto. Faili ilikuwa kamili. Nilipeleka ndani, ikasainiwa, nikaanza kuandika katika tableau polepole, herufi kwa herufi, kwa sababu nilitaka mstari ule uwe mzuri kuliko yote niliyowahi kuandika.

"Papa, harakisha basi," akasema. "Nimemuachia mwenzangu mama mwenye uchungu kule ng'ambo, na ule mama anataka miye."

Nikagonga muhuri. Aliondoka akipepea kibali hewani, wino haujakauka bado.