Siku Niliyomfungisha Mama

Nikikwangua ganda la limau juu ya sukari, harufu ikinipanda puani, huwa naacha kazi kwanza. Wanangu wamezoea. Wananivutia kiti wakijua mama yao hapo ana mambo yake na marehemu bibi yao.

Nyumbani kwetu Bagamoyo chai ya baridi ilikuwa kichekesho. Chai ikipoa ilipashwa moto au ilimwagwa. Mama peke yake aliipenda: majani kidogo, mchaichai, ichujwe, iachwe ipoe yenyewe, ndipo limau likamuliwe. Si ndimu; ndimu, alisema, huacha uchungu. Limau likiingia tu, weusi wa chai unafifia mpaka unaona kitako cha jagi. Barafu tulichukua kwa jirani mwenye friza.

Mwaka niliotimiza miaka tisa niling'ang'ania kufunga Ramadhani nzima. Shangazi Mwajuma, dada yake baba, aliyekuja kutoka Mlingotini kukaa nasi mwezi ule, aliniona bado mdogo. Mama akasema, "Mwache, wifi. Mtoto akililia wembe, mpe." Basi nikafunga, na kichwa kikavimba. Mtaani tulikaguana ndimi, na ambaye ulimi wake haukuwa mweupe tulimzomea, "Kobe! Kobe!" Ndilo jina la anayekula mchana kwa kujificha.

Chai ya limau ya futari ilikuwa kazi yangu. Siku moja, adhuhuri imekwisha kuadhiniwa, niliingia chumbani nikamkuta mama ameketi ukingoni mwa kitanda, ameshika bilauri ya chai iliyobaki jana, anaipeleka mdomoni. Aliponiona alishtuka, akaificha nyuma ya mto kama mtoto mdogo.

"Mama, kumbe na wewe kobe?"

Nikamnyang'anya ile bilauri. Naona haya kulisema hili, lakini ndivyo nilivyofanya. Nikamwambia asubiri adhana kama sisi wengine, Mungu anamwona. Shangazi alitokea mlangoni, akafungua mdomo anigombeze, mama akamkata jicho.

"Haya, mwanangu," akasema. "Nitasubiri."

Akasubiri kweli. Bati linawaka juu yetu, yeye amejilaza mkekani, midomo imemkauka, nami kila mara nachungulia asije akaingia jikoni. Magharibi ilipoadhiniwa nilimmiminia yeye kwanza, nikamtilia barafu nyingi. Alikunywa kidogo kidogo, akanishika shavu. "Leo umeipatia," akasema. Usiku ule nililala nimeridhika na nafsi yangu.

Mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, haukuisha, mama akafariki. Figo. Wakubwa walijua tangu kabla ya Ramadhani, na daktari alikuwa amemkataza kufunga, akamsisitiza hasa asikae na kiu. Mimi nilifichwa.

Hitma ilipokwisha, baba na shangazi walikaa kupanga fidia, yaani chakula cha maskini kwa kila siku ambayo mgonjwa hakufunga. Nilikuwa nyuma ya pazia.

"Mwezi mzima," baba alisema.

Shangazi akamsahihisha. "Kasoro siku moja, kaka. Kila siku alinuia, ikamshinda. Ile moja aliimaliza." Kisha akajifunika uso kwa kanga.

Nami nilifurahi, jamani. Nilijiona nimemsaidia mama yangu kupata thawabu ya siku ile, na nikamshangaa shangazi kulilia jambo la heri. Ilinichukua miaka kuelewa. Nilikuwa nimeshazaa, nimeshauguza, ndipo siku moja likanijia lote kwa pamoja. Nikafunga safari mpaka Mlingotini kumwuliza shangazi kwa nini hawakunikanya.

"Mama yako alituapisha," akaniambia. "Alisema usijue kamwe."

Sasa najua. Mama yangu alikuwa na kiu, nami nilimnyima.