Mstari Mmoja Kuhusu Direkta

Nilikuwa nashona sare za shule pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, niliposikia kwamba gazeti moja la biashara mjini Lilongwe linatafuta mtu anayejua Kifaransa. Kule Uvira, Kongo, nilikuwa sekretari wa kampuni ya pamba, na Kiingereza nilikuwa nimejifunza kambini. Nikaomba ruhusa ya kutoka kambini, nikapanda minibasi inayopita Lumbadzi, nikaenda.

Mhariri, Mmalawi mpole mwenye haraka zake, alinipa kazi ndogo. Baadhi ya waandishi wake walikuwa Wakongo wenzangu, watu wa benki na wa biashara zamani, na kila mmoja alikuwa ameeleza kwa Kifaransa kazi alizowahi kufanya. Nilitakiwa kuyaweka maelezo hayo kwa Kiingereza yachapwe ukurasa wa mwisho.

Karatasi ya tatu ilikuwa ya direkta wangu, mkurugenzi wa ile kampuni ya pamba.

Sikujua hata kama yu hai, kumbe alikuwa akiishi hapo hapo mjini, mtaa wa Biwi. Alikuwa ametaja shule alizosoma na miaka aliyoiongoza kampuni, yote kweli. Kisha akaongeza kwamba vita vilipofika, aliwaongoza wafanyakazi wake mpaka mahali salama.

Mimi nilikuwepo asubuhi ile. Aliniamuru nipige chapa orodha ya watakaopanda lori, nami nikaipiga. Halafu akapakia friji, makochi na vitanda vyake, akatuambia lori litarudi kutuchukua. Tulisubiri getini na vifurushi vyetu mpaka alasiri. Wenye bunduki ndio waliokuja. Mume wangu alikuwa fundi wa lori lile; siku moja kabla alilala chini yake mchana kutwa akilitengeneza. Walimpiga risasi pale getini, mbele yangu.

Shule zake nilizitafsiri vizuri, miaka yake pia. Mstari wa mwisho niliuandika hivi: vita vilipofika aliondoka na lori la kampuni likiwa limebeba fanicha zake, akawaacha wafanyakazi getini, na fundi wa lori hilo akauawa. Mhariri hakujua Kifaransa. Alinishukuru kwa Kichewa, zikomo, akapeleka kwa mchapaji.

Gazeti lilipotoka nililipeleka kambini, nikawasomea kwa Kiswahili kina mama wawili waliokuwa nami siku ile getini. Wakaniomba nirudie. Nilirudia mara nne, na kila mara nilisikia utamu mdomoni.

Wiki iliyofuata direkta alikuja. Alikuwa amezeeka, koti linampwaya mabegani. Alisimama mbele ya cherehani yangu, akaniuliza kwa Kiswahili cha kwetu Kongo.

“Mama, njo wewe uliandika ile maneno?”

“Njo mi, Direkta.”

Alisema alimtuma dereva arudi, dereva akakataa. Alisema wale mabwana wa benki waliokuwa wakimwalika sasa hawamsalimii, na mke wake hatoki nje. Akaomba nimwambie mhariri kwamba nilikosea kutafsiri. Nilimjibu kwamba Kifaransa changu alikisifu mwenyewe miaka yote ile.

Akasema kwa sauti ya chini kwamba angependa kumwombea marehemu.

“Bwana yako alikuwa anaitwa nani?”

Miaka sita mume wangu alimtengenezea magari, na huyu hakuwahi kulijua jina lake. Mpaka dakika ile labda ningelainika. Nilimwambia aende, nikaendelea kushona, na sikuinua kichwa mpaka viatu vyake viliposikika mbali.

Direkta alikwenda kumlalamikia mhariri, naye akaniita akiwa amekasirika. Niliwapeleka wale kina mama wawili, wakamweleza waliyoyaona, nami nikawa mkalimani. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuchapa msamaha wowote, wala hakumpa tena direkta nafasi ya kuandika. Lakini na mimi alinifukuza, akisema hawezi kumwamini mtafsiri anayeandika ya kwake. Nilimwona ana haki.

Kanisani wananiambia nisamehe. Nawajibu kwamba bado. Ukurasa ule nimeukata, naukunjua nikitaka, nausoma mstari ule mmoja, na sijawahi kutaka kubadilisha neno.